Kiti cha Polycarpe

Louisville, tarehe 12 Desemba 2014

Bulonza, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote wa huko Buffalo. Goti lako limepoa? Na ile theluji iliyowafungia mlango imeyeyuka, ao bado mnatokea dirishani? Sisi huku wazima, Mungu anatulinda. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Darasa la tatu tu, lakini herufi zangu zinasimama vizuri kuliko za wenye diplome. Simu sitaki, maana ukinisikia nimekasirika unakata.

Bon. Nimekasirika. Watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo walinisimika mwami, mfalme wao, kwa sababu damu ya mwami babu yetu iko ndani yangu, na sauti yake pia. Polycarpe wa Columbus walimchagua mkuu wa kamati, yeye ndiye anaendesha kazi, mimi nikamwapisha. Katiba mliandika wenyewe: mwami anaapisha, lakini akitaka kumfukuza mkuu wa kamati, aseme sababu mbele ya watu, na miji miwili kati ya mitatu ikubali. Siku hiyo nilipiga makofi. Nani alijua mnanifunga kamba?

Mama mzazi wa Esperance, mtu wetu wa Columbus, alipofariki, desturi unaijua: hakuna anayeketi kwenye mkeka, hakuna wimbo, mpaka neno la mwami limfungulie marehemu njia. Mimi nilikuwa kazini, kiwandani Jeffersontown, ambako simu tunazifungia kabatini. Kutoka nje nakuta Polycarpe amenipigia mpaka simu imechoka. Nampigia, nasikia nyimbo nyuma yake. Kilio kimeanza! Bila mimi! Akasema watu wametoka kazini na asubuhi wanarudi, hawakuweza kungoja. Alitaka kuongeza jambo, nikamkatia.

Donc kwenye mkutano wa Northland, huko Columbus, katika ukumbi ule wa Morse Road, nilifanya kama babu alipomfukuza mtu. Polycarpe alikuwa amesimama anagawa fanta. Nikaenda mpaka kwenye kiti chake, nikakipindua miguu juu. Mzee Kataliko wa kamati akaniuliza sababu. Nikamjibu kwamba mwami akipindua kiti hatoi sababu. Akasema basi hiki ni kiti kilichoanguka tu, akakiinua, akakipangusa, akamkalisha Polycarpe. Watu wakacheka! Polycarpe mwenyewe hakusema neno.

Nyumbani mjukuu wangu Gloire akaniambia kwa Kiingereza chake, baba yake akitafsiri, kwamba hata mfalme wa Ubelgiji hawezi kumwondoa waziri mkuu wake hivi hivi. Nikamwambia mfalme wa Ubelgiji hajawahi kubeba maboksi kama mimi, na umri huu.

Kura zikapigwa, kila mji kwake. Louisville ndiyo, maana wananijua. Columbus hapana. Ikabaki Buffalo, nikalala usingizi mtamu kwa sababu uko wewe. Na wewe Bulonza, niliyekubeba mgongoni tukivuka mto Ruzizi, ukasimama ukasema hapana, na Buffalo wakakufuata! Eti mwami aseme sababu kwanza. Eti babu alipindua viti mpaka akabaki na wanaomwitikia tu, na vita vilipofika hakuna aliyethubutu kumwambia akimbie. Hayo maneno yalinichoma. Jina lako sikutaka kulisikia.

Sasa sikiliza, na hili usimwambie hata shemeji. Juzi Esperance alinipigia kunishukuru, analia. Anasema maneno niliyomtumia mama yake yalimtuliza moyo. Maneno gani? Kumbe jioni ile Polycarpe alisimama mbele ya mkeka akawaambia watu kwamba mwami amesema mama huyu alilima mashamba ya wenzake kabla ya lake, basi afunguliwe njia. Alinipa neno ambalo sikulisema, ili marehemu asiondoke kama mtu asiye na wenyewe. Nami nilimjibu nini Esperance? Nikamwambia: yalitoka moyoni, mama.

Unaona? Ningetaja sababu ukumbini, kwamba kilio kilianza bila neno langu, ningemvunja moyo Esperance mbele ya watu, na mimi mwenyewe ningebaki uchi. Polycarpe alijua. Akakaa kwenye kiti kile, akanyamaza.

Jumamosi amekuja hapa na gari yake, akasema amechoka na mimi, anaacha ukuu, nitafute mwingine. Ndicho nilichotaka tangu mwanzo! Nikamwambia akae, ale ugali na sombe ya majani ya muhogo. Nikamwambia katiba yao inanikataza kumfukuza, lakini nimesomewa karatasi yote na hakuna mahali inaponikataza kumkatalia kuondoka. Akaniita mzee kichwa ngumu. Akaongeza sombe. Sikumwambia kwamba najua, atavimba kichwa.

Kile kiti cha plastiki kilipasuka mguu nilipokipindua. Nimemnunulia kingine cha mbao, kizito, ameondoka nacho. Nimejaribu kukipindua hapa sebuleni, kimenishinda, hata mimi.

Shemeji na watoto wapate salamu zangu. Goti lipake mafuta ya mawese. Hapana yako nimekusamehe, lakini usizoee.

Ni mimi kaka yako,
Salomon Karaha,
mwami wa miji mitatu