Koplo na Kitabu Kimoja Mara Ishirini na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: nimempenda mtu aliyekufa miaka tisa iliyopita, na sababu ni kadi ya maktaba.

Niandike taratibu, nisijichanganye. Ukumbini kwetu kuna ubao wenye majina manne – wanafunzi wa zamani wa shule hii waliokwenda jeshini wakafa wakiwa vijana. Kila mwaka mwezi huu tunawakumbuka. Tunasimama dakika moja kimya, mtu mmoja anakohoa, tunarudi darasani. Mwaka huu mwalimu wa historia ameamua kila jina lipewe mwanafunzi mmoja. Uende kwa familia, uulize, uandike ukurasa mmoja, uusome mbele ya watu. Mimi nimepewa jina la tatu. Mtaani anajulikana kama Koplo tu. Alikufa mpakani akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Kwenda kwa watu. Kuuliza. Kusoma kwenye maikrofoni. Mwalimu angeniambia nile dawati ningeona nafuu.

Kwa hiyo nilikimbilia maktaba, ambako huwa nasaidia kupanga vitabu baada ya masomo. Kwenye kabati la chini kuna sanduku la kadi za wasomaji wa zamani. Nilimpata! Kadi imejaa pande zote mbili, na kitabu ni kimoja tu: Historia ya Dunia, lile dude la kurasa elfu moja na mia mbili ambalo mimi mwenyewe niliishia ukurasa wa arobaini. Kaliazima mara ishirini na sita. Kila Ijumaa analichukua, kila Jumatatu analirudisha.

Mara ishirini na sita. Nilikaa sakafuni na ile kadi mpaka mkutubi akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Machi

Jana nilikwenda kwa mama yake. Anaitwa Mama Koplo, fundi cherehani, anashonea barazani, kila mtu anapajua. Nilifika kwenye geti. Akainua macho. Nikainama haraka nifunge kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Nikageuka nikarudi nyumbani.

Leo nimeandika ukurasa wangu bila kumuuliza mtu. Si uongo, nimefanya utafiti – nina ushahidi wa kadi. Nimeandika kwamba alikuwa kijana mkimya mwenye kiu ya elimu. Kwamba wenzake walipokuwa wakicheza mwisho wa juma, yeye alikuwa anasafiri duniani kwa kurasa. Kwamba hata mpakani bila shaka alibeba kitabu kwenye begi. "Bila shaka" nimeiweka kwa sababu sina hakika.

Kaka ameusoma kwa kuniibia. Akasema huyu mwanajeshi mbona anafanana na wewe, Profesa, kasoro bunduki.

Simsemeshi.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamekuwa makubwa. Mwalimu wa historia aliusoma ukurasa akautoa machozi – yaani yeye ndiye aliyetoa machozi. Akaupeleka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu kaniita ofisini, nikadhani nafukuzwa. Kumbe anataka maktaba ipewe jina la Koplo! Bango litawekwa Ijumaa ijayo, siku yenyewe ya kumbukumbu. Atakuja kanali mstaafu. Mama Koplo atakata utepe. Na mimi nitasoma.

Nilisema, asante mwalimu. Nilitaka kusema mengine lakini nikatoka nikafunga mlango.

Jumapili, 9 Machi

Habari imeenea mtaani na watu wameanza kukumbuka.

Kinyozi alimwambia kaka, huku anamnyoa, kwamba Koplo alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti bila kitabu. Eti ilibidi amnyoe kwa kuzungukazunguka ili asimzuilie mwanga. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akasema naam, mimi namkumbuka anasoma huku anatembea, siku moja akaingia mtaroni. Wa tatu akasema si mara moja, ni mara tatu.

Kaka kaniletea haya kama zawadi. Akasema, unaona, ulikuwa sahihi.

Mtaro ule umechimbwa mwaka juzi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda. Safari hii nilivaa viatu vya kamba ili nisiwe na kisingizio.

Nilisema shikamoo mara mbili kwa sababu ya kwanza haikutoka. Mama Koplo akasema marahaba, kisha akasema: "Wewe ndiye yule wa kandambili."

Ardhi haikupasuka. Akanisogezea kigoda, akanipa pindo la shuka la kushikilia ili nisikae bure, na akaendelea kushona. Ni mwembamba, anaongea huku ana pini mdomoni, na kila neno linapita kwenye ule upande mmoja ulio wazi. Nikamsomea ukurasa wangu. Nilisoma nikitazama shuka.

Nilipofika "kiu ya elimu" cherehani ilisimama. Nilipofika "kusafiri duniani kwa kurasa" alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Kisha akacheka. Alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Mama Koplo akamwambia: "Njoo usikie, mwanangu alikuwa msomi."

Jirani naye akacheka.

Ukweli ni huu. Koplo alichoma gauni la mteja kwa pasi akiwa kidato cha pili. Gauni la harusi, mgongoni, alama nzima ya pasi. Kuanzia siku ile alipigwa marufuku kuigusa pasi ya nyumba hii. Lakini alikuwa mtu wa kupenda nguo, na Jumatatu asubuhi shuleni kulikuwa na ukaguzi wa sare. Akafanya akili. Ijumaa anakwenda maktaba anaazima kitabu kizito kuliko vyote. Anafua kaptula, anainyunyizia maji, anaikunja kwa mistari, anaitia chini ya kitabu. Juu ya kitabu anaweka ndoo ya maji. Jumapili jioni anaondoa ndoo, anakaa yeye mwenyewe. Jumatatu kaptula imenyooka kama ubao, kitabu kinarudi.

Nikauliza kama hakukisoma hata kidogo.

"Alikifungua siku moja," akasema. "Akaona hakina picha, akakifunga. Akaniambia, mama, waliokiandika hawana huruma."

Sijui kwa nini nilitaka kulia na kucheka pamoja. Mtu wangu wa mara ishirini na sita.

Nikamwambia samahani. Akasema samahani ya nini, mwanangu. Akawa anatazama sindano.

Kisha akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mwaka wa tisa huu wananiita. Nakaa kiti cha mbele, nasikia shujaa, hodari, jasiri. Napiga makofi na mimi. Kisha narudi nyumbani nasema, leo tena wamemkumbuka mtoto wa mtu mwingine. Wangu alikuwa mvivu wa kuamka. Wangu alikuwa anaimba akiwa bafuni mpaka mbwa wanajibu. Watu wanasema alikwenda jeshini kwa kuipenda nchi. Labda. Mimi aliniambia, mama, umeziona suruali zao?"

Akaniambia na mambo mengine mawili. La siku aliyoondoka, na la barua ya mwisho. Haya akasema niyaache, ni yake. Hata hapa siyaandiki.

Nilipoaga nikamuuliza niandike nini sasa. Akarudisha pini mdomoni. "Andika ulichosikia. Nataka nimsikie huyo mara moja tu kabla sijafa."

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika upya. Ukurasa mmoja. Umetoka haraka sana, kama uliokuwa unasubiri nje ya mlango.

Nimempa mwalimu wa historia. Alicheka kwenye mstari wa ndoo, kisha akakumbuka yeye ni mwalimu. Akasema ni mzuri. Akasema pia hawezi kuamua, twende kwa mkubwa.

Mwalimu mkuu aliusoma amesimama, akauweka mezani kwa ncha za vidole. Akasema mwanangu, kidato cha kwanza wataelewa nini hapa? Kwamba vitabu ni vya kunyooshea kaptula? Akasema ninapotoa kitu mbele ya kanali lazima kiwe na mafunzo. Akasema ukurasa wa kwanza ulikuwa na mafunzo.

Nikasema, lakini ule si wa kweli.

Akasema ni wa kweli kwa maana pana.

Nimefikiria maana pana njia nzima ya kurudi nyumbani. Bado sijaiona.

Alhamisi, 13 Machi

Bango limefika. Mchoraji amepaka herufi nyekundu kubwa: MAKTABA YA KOPLO. Chini yake: SHUJAA ALIYEPENDA KUSO. Nafasi ilimwishia. MA iko mstari wa tatu, peke yake, kama mtu aliyeachwa na basi.

Mwalimu mkuu alilitazama muda mrefu. Mchoraji akasema ndio mtindo wa kisasa.

Amenipa ukurasa wa kwanza umechapwa, na jina langu chini. Akasema kesho soma polepole. Kaka ananifanyisha mazoezi uani, anakaa juu ya debe anajifanya kanali, anasinzia makusudi. Nimesoma kurasa zote mbili. Nikamuuliza ungekuwa mimi ungesoma upi. Akasema mimi ningeumwa.

Ni wazo. Nimepima joto. Niko mzima kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Naandika haraka, ikiwa siwezi kuusoma mwandiko huu baadaye, basi.

Ukumbi ulijaa. Wenzangu watatu walisoma kwanza, mimi niliwekwa wa mwisho. Wanajeshi wao wote walikuwa hodari, majasiri, washupavu. Nilimtazama Mama Koplo kiti cha mbele – amevaa gauni alilolishona mwenyewe, kila pindo limenyooka. Alipiga makofi kwa kila mmoja. Makofi madogo, ya adabu.

Nikaitwa. Nilikuwa nimeshika kurasa zote mbili, uliochapwa juu. Niliifikia maikrofoni, nikasoma: "Koplo alikuwa kijana mkimya." Nikasikia sauti yangu inatoka ukutani, kubwa, haina haya. Nikamwona Mama Koplo anajiandaa. Alikuwa ameshaanza kuinua mikono kwa ajili ya yale makofi.

Nikasema samahani, si kweli, hakuwa mkimya. Nikauweka ule wa juu chini ya wa chini.

Nilisoma yote. Gauni la harusi, ndoo, kitabu kisicho na huruma. Suruali zao. Mwanzoni palikuwa na kimya kile kibaya, cha mtu aliyeangusha sahani ugenini. Kisha akacheka mtu mmoja kiti cha mbele, nikajua bila kutazama ni nani. Halafu ukumbi mzima. Kanali alitoa miwani akawa anaifuta, na ikabidi aifute tena. Nilipofika mwisho, pale nilipoandika kwamba alikuwa na miaka ishirini na mitatu na kwamba hakupenda kuamka asubuhi, hakuna aliyecheka tena. Mama Koplo hakupiga makofi. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika, sikujua kama ni kicheko bado.

Kinyozi alisimama nyuma akasema kwa sauti, "Kweli kabisa, namkumbuka, kaptula yake ungeweza kukatia mkate."

Tukatoka nje kwa ajili ya utepe. Bango limefunikwa kitambaa. Mwalimu mkuu akafunua, watu wakalisoma, MA na yote. Mama Koplo akapewa mkasi. Akausoma ule mstari wa pili. Akamrudishia mwalimu mkuu mkasi, akasema kwa upole mtupu: "Huyu simfahamu."

Sasa wako ofisini. Mwalimu mkuu, kanali, Mama Koplo. Nje wageni wameshika soda, utepe haujakatwa, mchoraji ameitwa na ameficha brashi. Mlango ni mwembamba, nasikia karibu yote.

Mwalimu mkuu anasema mtoto huyu ameiaibisha shule. Kanali anasema yeye jeshini aliwahi kulalia kamusi ili suruali inyooke. Mwalimu mkuu anasema mzee, tafadhali. Mama Koplo anasema bango libaki na jina, maneno ya chini yafutwe. Mwalimu mkuu anauliza na badala yake tuandike nini, mama, hebu niambie, tuandike kaptula?

Kisha Mama Koplo anasema: "Muulizeni aliyeandika. Yuko hapo nje, nimeona viatu vyake chini ya mlango."

Mwalimu mkuu anasema haina haja, huyo ni mwanafunzi, ngoja tumalize wakubwa.

Nimesimama. Nimegonga mara moja, kwa kidole. Hawakusikia, wanaongea wote watatu. Naandika hii daftari likiwa ukutani.

Nimegonga tena, kwa ngumi.