Kofia ya Elwood

Bonde la Brandywine,
Pennsylvania.
Tarehe 10, mwezi wa kumi na moja, 1853.

Mpendwa mpwa wangu Phebe,

Amani iwe nawe huko New York. Hujambo? Na watoto, kile kikohozi kimewaachia? Sisi tunaamka, ingawa magoti yangu hunung'unika kila nipandapo ngazi. Mama yako Tacy ni mzima wa mwili, ila macho yake hayasomi tena. Mimi kaka yake ndiye ninayemsomea.

Matufaha tumeshayakamua. Maji yake ni matamu mwaka huu.

Sasa nikuambie linalonitisha. Tangu mwezi wa nne, kaka yako Elwood hajatuandikia hata mstari mmoja. Tulijua yu hai kwa sababu tu gazeti la huko kwenu huchapa barua zake za safari. Lakini hii ya juma lililopita, eti kutoka Dameski, imenitia baridi mifupani.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu, na vitabu vyake vyote viwili nilivipitia kabla havijachapwa. Elwood hafiki mji asitueleze kwanza mkate wake. Katika kitabu cha Norwei, mkate peke yake una kurasa tatu! Barua hii haina hata chembe ya mkate. Ni majumba na macho ya wanawake tu. Tena inasema amemvulia kofia Pasha, gavana wa Waturuki huko.

Unajua, lakini mwalimu mzee hueleza hata linalojulikana: sisi wa dhehebu la Marafiki hatumvulii kofia binadamu yeyote, kwa kuwa watu wote ni sawa. Tunaivua kwa Mungu tu, tukisali. Elwood alilala korokoroni siku mbili kwa kukataa kumvulia hakimu.

Nilipomsomea mama yako, mstari huo niliuruka. Nilijisumbua bure, maana Gideon mhunzi aliingia akicheka.

"Mama Elwood, hongera! Mwanao kastaarabika! Leo kamvulia Pasha kofia, kesho atavua na viatu!"

Mama yako hakucheka. "Kaka, hapo uliparuka?"

"Niliparuka, dada."

"Basi huyo si mwanangu. Nani anaandika kwa jina lake? Na yeye yuko wapi?"

Nasikia kipindupindu kimeenea huko Dameski.

Nakusihi uende ofisi ya gazeti. Usikubali maneno matupu. Omba karatasi yenyewe, utazame mwandiko. Herufi zake huinamia kushoto, nilishindwa kumrekebisha. Lolote utakaloliona, niandikie mimi kwanza.

Msalimie mumeo Joshua, na Hannah na mdogo wake. Mungu akutangulie mlangoni pale.

Mimi ni mzee wa mkutano wetu wa ibada, nimewakemea vijana wengi kwa ajili ya kofia. Sasa kila nikisali naomba Elwood awe kweli ameivua, mradi yu hai.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukungoja,
Mordekai Passmore