Kwa Eugene Hudak, Aliyefia Mechi Isiyohesabiwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ya Agosti ulipoondoka nyumbani Lorain ndani ya gari la Baba Mdogo Norb, dirisha wazi, mkibishana kabla hata hajawasha injini. Ulikwenda kutazama mechi ya maandalizi ya futiboli ya Kimarekani na hukurudi. Timu yetu ilishinda siku hiyo, kumi na sita kwa kumi, na ushindi wenyewe hauandikwi popote, maana mechi za Agosti ni za kujipima nguvu tu. Hilo tumelimeza mwaka mzima na bado linakwaruza koo.

Gazeti limetuambia kwamba matangazo ya kumbukumbu huwa mafupi. Tukawajibu kuwa huyu tunayemkumbuka hakuwahi kusema jambo lolote kwa ufupi. Wakacheka, wakatupa nafasi.

Tunaukumbuka wema wako. Miaka thelathini na minne uliendesha kreni kwenye kiwanda cha mabomba, umekaa huko juu peke yako, na uliposhuka ulikuwa na maneno ya kutwa nzima ya kumwaga. Ulipostaafu ukajifanya fundi wa mtaa bila kuombwa. Mtambo wa kupasha nyumba joto ukizimika kwa jirani yetu Bi. Kovalik katikati ya Januari, alikuwa haiti mafundi, anakupigia simu wewe, nawe ulikwenda na suruali ya kulalia umeichomeka kwenye buti. Hukupokea chochote isipokuwa supu yake ya kabichi, na hata hiyo ulimwambia haina chumvi.

Tunaikumbuka gereji yako, ambayo haijawahi kulaza gari. Ilikuwa na friji kuukuu, redio, na viti viwili vya kukunja, kimoja chako na kimoja cha mdogo wako. Humo ndimo mlimomalizia kila jioni ya kiangazi mkimgombania Dalton Prewitt. Wasiomjua wajue kwamba Prewitt ndiye kwotabeki wetu, mrushaji ambaye bila yeye timu haisogei hatua. Alikuwa amepasuliwa goti mwezi wa Januari, na tangu theluji iyeyuke mji mzima ulikuwa na swali moja: Agosti acheze, au apumzike hadi msimu wenyewe uanze?

Wewe ulisema apumzike. Norb alisema acheze. Tulikuwa tukiwasikia kutoka jikoni.

"Mtu kapasuliwa goti, unamtia uwanjani kwa mechi isiyohesabiwa? Una akili wewe?"

"Kisu kisiponolewa Agosti, Septemba kitakata nini?"

"Huyo si kisu, Norb. Ana goti la binadamu."

"Ana goti la bibi harusi! Mpelekeeni mto basi. Mpelekeeni na feni. Kazi yake kurusha mpira, habebi magunia."

"Wewe mwaka juzi ulijikata kidole na kopo la maharage, ukalala siku mbili."

"Mimi silipwi kurusha mpira, kaka. Niache na kidole changu."

Mkimaliza goti mnahamia kwenye nyama za paja za yule mdakaji mpya, kisha bega la beki, kisha mgongo wa yule pandikizi la mtu anayemlinda Prewitt upande wa kushoto. Majeruhi wote wa timu mliwajua kiungo kwa kiungo. Wakati mwingine baba mdogo alitoka hadi kwenye njia ya gari, akapiga simu kwenye kipindi cha michezo, akajitambulisha kama "Norb wa Lorain," nawe ukaongeza sauti ya redio makusudi ili mlio urudi hewani, hadi mtangazaji akaomba jamani izimwe hiyo redio. Majirani walidhani kuna siku mtapigana. Hawajui ule usemi kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kesho yake saa kumi na moja jioni kiti chake kilikuwa na mtu.

Sasa tuseme kilichotuleta hapa. Tangazo la namna hii humalizika kwa majina ya wanaokukumbuka, na jina moja limetugombanisha.

Wiki iliyopita tulikaa mezani kuliandika. Mwanao Keith alishika kalamu. Akaandika Mama, akaandika dada yake Paulette, akajiandika yeye na wajukuu, halafu akaiweka kalamu chini.

"Norb simwandiki," akasema.

Paulette hakumpinga. Ukweli ni kwamba mwaka mzima hatujakaa meza moja na mdogo wako. Mkesha wa Krismasi hatukumwita. Pasaka hatukumpelekea mkate wala mayai. Akipita dukani, sisi tunatazama makopo. Kwa hesabu yetu yeye ndiye aliyekuua, na tulikuwa na sababu, maana mtaa mzima ulisikia.

Jumamosi ile joto lilikuwa limepanda tangu asubuhi. Norb alikuja saa nne, akapiga honi. Ulitoka na viatu vya ndani ukasimama kwenye ngazi ya mlango.

"Leo nakaa," ukamwambia. "Joto hili, Norb. Nenda na mtu mwingine."

"Mtu gani mwingine? Nani anakwenda mechi za Agosti zaidi ya vichaa wawili?"

"Mgongo unanisumbua."

"Mgongo!" Akashuka garini ili majirani wasikie vizuri. "Jamani, njooni muone, Prewitt mwenyewe huyu hapa! Kajeruhiwa! Shemeji, mfunge bandeji, umlaze kitandani, mpepee. Mwanamume amekuwa kioo!"

Bi. Kovalik alicheka kwenye baraza lake. Nawe ulicheka. Ukaingia ndani, ukavaa viatu, ukachukua kofia.

Viti vyenu viko juu kabisa, ngazi baada ya ngazi, mahali ambapo upande mmoja unaona uwanja na upande wa pili unaona ziwa. Norb mwenyewe ndiye aliyetueleza yaliyofuata, hospitalini, huku analia. Alisema mlipumzika mara tatu njiani na kila mara alikutania. Alisema Prewitt alikuwa amekaa kwenye benchi amevaa kofia, hakuguswa na jasho, nawe ukamwonyesha kidole ukasema, "Umeona? Kocha ana akili kuliko wewe." Robo ya tatu kidevu chako kikaangukia kifuani. Watu wa nyuma wakauliza kama uko salama, naye akawajibu, "Mwacheni alale, hata mimi mechi hii inanilaza." Dakika ngapi zilipita hajui. Soda yako ilipommwagikia viatuni ndipo akakushika.

Tulimchukia kwa neno lile, "mwacheni." Tulilibeba hadi kanisani. Siku ya mazishi alimfuata Mama kando ya jeneza, macho yamemvimba, akamwuliza taratibu, "Shemeji, kaka alikuwa mgonjwa? Mimi aliniambia mgongo."

Mama akamjibu, "Ungekuwa na macho ungeona."

Sisi watoto wako tulikuwa tumesimama nyuma yake, na tunakiri kwamba jibu lile lilitufurahisha. Tulimwona baba mdogo akirudi nyuma kama mtu aliyesukumwa. Tangu siku hiyo hajapiga simu redioni. Mtangazaji ameuliza hewani zaidi ya mara moja, Norb wa Lorain amepotelea wapi, na sisi tukazima redio.

Basi wiki iliyopita, Keith alipoweka kalamu chini, Mama alikuwa upande wa pili wa meza anabana kingo za pirogi, zile sambusa zetu za kuchemsha. Hakuinua uso.

"Mwandike," akasema.

"Mama, huyo ndiye aliyempandisha Baba ngazi zile."

"Mwandike, Keith. Norb hakujua."

"Hakujua nini?"

Ndipo akafuta unga mikononi na kutuambia. Tuliyoyasikia tunayaandika hapa kwa idhini yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka, na alitaka yachapwe kwenye karatasi, yasiishie kunong'onwa jikoni.

Siku ya Jumanne, siku nne kabla ya mechi, mlikwenda wawili kwa daktari. Mishipa ya moyo wako ilikuwa imeziba. Ulipangiwa upasuaji Alhamisi ya wiki iliyofuata, na daktari akakuambia hadi siku hiyo usipande ngazi, usibebe kitu, usikae juani. Garini, wakati wa kurudi, Mama alitaka kumpigia simu Norb palepale. Ukamshika mkono.

"Agosti timu hailazimiki kutoa taarifa ya majeruhi," ukamwambia. "Msimu ukianza nitatangaza."

Mama akadhani unatania, akakuambia huu si mpira. Nawe ukamjibu kitu ambacho alikirudia mezani neno kwa neno: "Dolores, Norb akijua ataacha kunibishia. Nitasema Prewitt apumzike, naye ataitikia, 'Ndiyo, kaka.' Atanishika kiwiko kwenye ngazi za baraza. Nitakuwa nimeshazikwa, ila natembea. Usimwambie. Wala watoto."

Akakuahidi.

Kwa hiyo asubuhi ile Mama alikuwa nyuma ya mlango wa wavu na alisikia kila kitu. Alisikia kioo, alisikia bandeji. "Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema," alituambia. "Moyo wake. Basi. Yangetosha. Norb angezima gari, angepiga magoti pale pale kwenye majani. Nikamtazama baba yenu, akatikisa kichwa hivi, kidogo, nami nikageuka kumtilia soda kwenye barafu."

Keith aliinuka akatoka nje. Paulette alimwuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: kwa nini basi alimjibu Norb vile pale kanisani?

"Kwa sababu aliniuliza," Mama akasema. "Aliniuliza kitu ambacho kilikuwa changu. Nikaona nimtwishe yeye. Nilidhani ni kwa siku ile tu. Kisha mkaanza kumchukia ninyi, na ikawa rahisi."

Baba, tumekupenda na bado tunakupenda, lakini tumekukasirikia sana wiki hii. Ulitaka mji mzima umhurumie goti kijana usiyemjua, ambaye hajui kama uliwahi kuishi. Ulipiga meza hadi chupa zikaruka kwamba mtu mgonjwa hawekwi uwanjani kwa mechi isiyohesabiwa. Nyumbani kwako hakuna aliyeruhusiwa kukuambia neno hilo hilo. Bi. Kovalik alipopata habari alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuumbuka, Baba. Ulishalala. Aliyeumbuka ni ndugu yako, mbele ya mtaa, kwa kosa ambalo hakulijua.

Na kama ulitaka kujua: Prewitt wako alipumzishwa Agosti nzima kama ulivyoagiza. Wiki ya pili ya Septemba goti la pili likakatika, hakuna aliyemgusa, alikuwa anageuka tu. Tulimaliza msimu tukiwa mkiani. Mlikuwa mmekosea wote wawili, na hapakuwa na mtu gerejini wa kuwaambia.

Mama ameondoka kwenda kwa Norb mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza alirudi akiwa barabarani. Mara ya pili alifika, akasikia televisheni ndani, akashindwa kubisha hodi. Anasema hana uso wa kumtazama. Anajua, hata hivyo, kwamba kila asubuhi Norb husoma kurasa za michezo, kisha hugeuza akasoma ukurasa huu kuona nani wa rika lake ametangulia. Kwa hiyo tangazo hili tumeliweka hapa.

Baba Mdogo, kama umefika mstari huu: hukuwa kipofu. Ulifichwa. Aliyekuficha ni kaka yako, kwa sababu ubishi wako ulikuwa na thamani kwake kuliko ushauri wa daktari. Aliyemsaidia kukuficha ni shemeji yako. Na sisi watoto tulikupa adhabu bila kukusikiliza. Hatukuombi utusamehe leo, wala hatujui kama utakuja. Tulichotaka ni usiupande mwaka wa pili na mzigo usio wako.

Wanaokukumbuka, Baba, ni mkeo Dolores, aliyejua. Wanao Paulette na Keith, ambao hawakuuliza. Wajukuu zako Shawna, Corey na mdogo wao Jolene, ambaye bado anakutafuta gerejini. Jirani yako Bi. Kovalik, na mdogo wako Norbert, ambaye hakuambiwa.

Hatutakusahau kamwe, hata siku tutakapokuwa tumekusamehe.