Mashine ya Kumi na Tano Inatosha

Kirando, Ziwa Tanganyika

Mdogo wangu Masanja,

Barua hii ikikufikia asubuhi, mwangaluka. Ikikufikia jioni, mwadila. Hujambo? Goti la mayu, mama yetu, linaendeleaje? Mvua imeshanyesha hapo Sola, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa watu wengine? Sisi huku ni wazima. Watoto wanakula, shemeji yako anakoroma, na mimi naanika dagaa kama ulivyoniacha mwaka ule ulipokuja kututembelea.

Usishangae kupata karatasi siku hizi. Simu ya nyumbani anaishika baba, na unajua anavyopokea: anaweka sauti ya nje, anainyoosha mbali kana kwamba itamng'ata, na mji mzima unasikia. Yako nasikia ilikanyagwa na ng'ombe. Kwa hiyo nimempa barua hii mama mmoja wa Maswa anayekuja huku kununua dagaa, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako, halafu uende kwa baba. Cha kumwuliza nitakueleza.

Habari yenyewe ni mashine ya boti. Ile ya zamani ilikufa kiangazi, na fundi alipoifungua akaifunga tena bila kusema neno. Tangu hapo shemeji yako Kalisti na wenzake wanapiga kasia. Wanafika kwenye samaki wakati wengine wameshageuza kurudi. Baba alipopata habari alisema jambo ambalo sikulitegemea: ng'ombe wa mahari yangu, wale waliobaki pamoja na uzao wao, wauzwe tununue mashine mpya. Nilifurahi, sitakuficha. Halafu akaweka sharti. Iwe ya nguvu za farasi arobaini, kubwa kuliko zote hapa mwaloni zinapoegeshwa boti. Alisema maksai hachaguliwi kwa kuonewa huruma, mtu anatazama kifua na mgongo, anachukua mwenye nguvu. Mkwe wake asije akaonekana anakokotwa na ndama. Nikasikia kwenye simu watu wa hapo nyumbani wakicheka nyuma yake.

Kalisti alilidaka neno hilo hapohapo. Tangu anioe, hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye na baba kukubaliana.

Mimi sikuungana nao, kwa sababu nilijua ng'ombe hao wanangojewa na nani. Kwetu mahari ya dada ndiyo inayomwoza ndugu yake wa kiume, jambo hilo halihitaji kutangazwa. Wewe unamtaka Kwandu wa Binza, naye anakutaka, na wazazi wake wameshaanza kuuliza mbona kimya. Arobaini ingewala ng'ombe wote. Nilipokuuliza kwenye simu, baba akiwa pembeni yako, ulijibu kwamba nichukue tu, wewe utasubiri. Jibu hilo liliniuma kuliko kama ungekataa.

Basi nikaomba tujaribu kwanza. Jirani yetu mmoja ana arobaini kwenye boti yake kubwa, akatuazima asubuhi moja. Wanaume wawili waliibeba wakihema. Walipoifunga kwenye ubao wa nyuma, boti yetu ikakaa kitako kama kuku anayeatamia, maji yakabaki vidole vichache yafikie ukingo. Hapo hawajapanda watu wala nyavu. Kalisti akasema ikishaanza kwenda itanyooka.

Akaenda peke yake. Kwenda ilikwenda, sikatai. Pua ya boti ikainuka juu hata yeye mwenyewe haoni mbele, watu wa mwaloni wakapiga miluzi. Alipopigiwa kelele kwamba anaelekea kwenye nyavu za wenzake, akapunguza moto ghafla. Wimbi alilolitengeneza mwenyewe likamfikia kutoka nyuma, likaingia lote. Nilimwona ameruka mbele, anachota maji kwa beseni, na sehemu ya nyuma haionekani tena. Aliiwahi. Alirudi amelowa mpaka kofia, akacheka, na watu wakapata ruhusa ya kucheka. Mimi sikucheka. Niliogopa, Masanja.

Usifikiri basi nikakimbilia ndogo kabisa ili kukuokolea mifugo. Kuna mwenzetu ana mashine ya nane kwenye boti ya ukubwa kama wa yetu. Asubuhi inamtosha. Upepo wa mchana ukimkuta amejaza samaki, mashine inalia na boti imesimama palepale, na juzi mke wake alimngoja mpaka samaki wa wengine wakauzwa wote. Wenye boti kama yetu wanaotoka na kurudi salama wamefunga kumi na tano. Inabeba watu watatu na nyavu zao, inapambana na upepo, na petroli inainywa kwa adabu. Arobaini ingetunywea hata samaki wenyewe. Kilichonishangaza ni kwamba wote tulikuwa tunabishana kuhusu mashine, na hakuna aliyeuliza habari za boti.

Kalisti alinuna siku kadhaa, kisha akaenda mwenyewe kuulizia kumi na tano, akarudi anaisifu kana kwamba ni yeye aliyeianzisha hoja. Nimemwachia.

Baba nilimpigia jana. Nilimwuliza, akiwafunga maksai wanne kwenye ule mkokoteni wa punda, nini kitatokea.

"Utavunjika," akasema. "Swali gani hilo?"

"Boti yangu ndiyo mkokoteni huo, baba."

 Nilijua sauti ya nje iko wazi na wote hapo nyumbani wanasikia, ila wewe uliyekuwa machungani. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwani hiyo boti yenyewe ina ukubwa gani?"

Nikamwambia, na ng'ombe wa kuuza nikamtajia. Akajibu, "Nimesikia," akakata.

Unaijua "nimesikia" ya baba. Maana yake amekubali, na maana yake pia hatakuambia kitu mpaka umwulize. Kwa hiyo mwulize ni ng'ombe gani wanauzwa. Watakaouzwa ni maksai wawili wazee na yule jike asiyezaa, basi. Waliobaki ni wako, wapelekwe Binza. Usiniambie tena kwamba utasubiri. Mimi sikukuomba usubiri, na Kwandu naye hakukuomba.

Msalimie mayu, mwambie asichote maji mwenyewe. Msalimie shangazi aliyenifunga kitenge siku naondoka, na mjomba wetu fundi baiskeli, na mke wa kaka aliyejifungua. Kwandu msalimie kwa siri kwa sasa.

Nina ombi moja. Siku ng'ombe watakapotolewa zizini kwenda Binza, wanaume watasimama na kusema kila ng'ombe ametoka wapi. Mimi nitakuwa huku, na hata ningekuwa huko ningekuwa jikoni. Wakifika kwa wale wangu, mtu asiseme ni wa baba. Sema wewe kwamba ni wa Kabula, na useme kwa sauti, wanawake walioko jikoni wasikie.

Ni mimi dada yako,
Kabula