Mlango Alioufungua Mama

Mpendwa mshauri, nisaidie, ingawa nakuonya mapema kwamba shauri langu nimeshalikata. Mimi ni mwalimu mstaafu, niliikimbia nchi yangu nikiwa mtoto na sijarudi, na mwezi ujao natimiza miaka sabini, kwa hiyo mwanangu, fundi umeme, akaniambia nichague filamu nilizozipenda kuliko zote maishani atuonyeshe sebuleni, moja kila Jumapili, nami nikachagua: ile ya kinyozi anayempenda daktari wa meno huku akikiogopa kiti chake, ile ya hakimu aliyeshikwa na kwikwi siku ya hukumu, ambayo marehemu mume wangu aliicheka mpaka akatolewa ukumbini, na nyingine chache, ila ya kwanza juu ya zote ni ya mjane fundi saa anayerudi kuidai nyumba yake, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Zamani filamu ilikuja kwa mikanda ndani ya makopo, na kwetu kumbi mbili ziligawana nakala moja, kule wakimaliza mkanda mtu wa baiskeli anauleta kwetu. Siku niliyokwenda kuitazama na mama, mjane alifika mlangoni kwake, akainua mkono abishe hodi, taa zikawaka, tukaungoja mkanda wa mwisho, haukuja, zikaja bunduki. Tukatoka mjini kwa miguu, na mama akanisimulia mwisho wa filamu njiani: nikikaa chini ananyamaza, nikiinuka anaendelea, na tulipovuka mpaka mlango ulikuwa umefunguliwa na saa zote za nyumba ile zinagonga kwa pamoja. Sasa mwanangu ameipata nzima, ameitazama peke yake, akanijia na uso wa mleta tanzia.

"Mama, ule mlango haufunguliwi. Anashusha mkono, anaondoka."

Anataka tuiondoe, eti isije ikanivunja moyo, na tena mtu haipi nafasi ya kwanza filamu aliyoiona nusu. Nimemjibu kwamba nusu ile imenibeba kuliko nzima za wengine. Siiondoi, na huo mwisho wao siutazami. Nimekosea wapi?

Mimi, Bibi Mbishi

Bibi Mbishi, nakuamkia.

Mwanao ana mapenzi, ila amejipa kazi isiyo yake. Filamu azipendazo mtu si mtihani wa kusahihishwa, nawe mwalimu unalijua hilo. Asiondoe hata moja.

Lakini nawe acha kujifanya huogopi. Unaogopa kwamba mlango usipofunguka, mama yako atakuwa muongo. Hebu fikiri: yeye naye hakuuona mkanda ule. Aliyeitengeneza filamu alikuwa na watazamaji waliokaa vitini. Mama yako alikuwa na mmoja tu, wewe, na ilibidi uinuke utembee.

Basi fanya hivi. Jumapili ya kwanza, ionyesheni. Mkono ukiinuliwa, mwanao aizime na awashe taa. Simama uwasimulie wajukuu mwisho wa mama yako, na atakayesinzia, nyamaza mpaka akae sawa. Kisha iwashwe tena, umtazame mjane akiondoka, wala usifumbe macho. Ikiisha, irudishe palepale, ya kwanza. Na wajukuu wakiuliza mwongozaji wake ni nani, wape jina la mama yako.