Jicho la Pili

Kaka Emilbek,

Salamu nyingi huko Moscow. Kikohozi cha Mama kimepungua, na yule farasi wetu mweusi amezaa.

Juzi vyama vya siasa vilikuja ukumbini kubishana juu ya mpango wa mageuzi, ule wa kuchelewesha pensheni na kuwakodisha matajiri malisho yetu ya kiangazi. Sheishenbek aliupinga mpaka mate yakamruka. Toktosun, mwenye mpango huo, akamkatiza: "Kaa chini wewe, hata mbuzi huna!" Nusura wapigane.

Baadaye wote wawili wakaja kula kwa mwenyekiti wa kijiji, nami ndiye niliyepika. Toktosun, kama mgeni wa heshima, akapewa kichwa cha kondoo. Jicho moja akala, la pili, lile la kumpa mwandani tu, akamwekea Sheishenbek kiganjani. "Kula, ndugu yangu, tusipoteane." Wakacheka! Tangu lini mtu akampa adui yake jicho?

Nimefika nyumbani nakuta ujumbe wako: "Zuura, tia sahihi tu, malisho yakodishwe." Hiyo karatasi ya kukodisha sehemu yetu, niliyoletewa kwa siri, umeijuaje, kaka, na mimi sijamwambia mtu?

Sijatia sahihi. Nijibu hili kwanza: ulipokuja likizo, Toktosun akakualika kwake, jicho la pili alilila nani?

Mdogo wako,
Zuura