Amplifaya Niliyomchagulia Shemeji

Alhamisi, Novemba. Kanyangi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na soko halina watu. Nimefungua mlango mmoja tu wa duka. Mezani kuna redio tatu zinazongoja kutengenezwa na sijagusa hata moja.

Naogopa.

Niseme wazi ninachoogopa, maana nimekizunguka siku mbili nzima. Keshokutwa, Jumamosi, akina mama kumi na wawili wa kanisa letu watapanda boti ya shemeji yangu Mutuku kule bwawani, wazunguke maji wakiimba. Mama yangu ni mmoja wao. Boti hiyo ina amplifaya niliyoichagua mimi, na niliichagua vibaya.

Mutuku amemwoa dada yangu mkubwa. Boti yenyewe aliinunua kuukuu kutoka Mombasa, ikaja juu ya lori ikiwa na spika zake nne nyeupe, zile zisizoharibiwa na maji. Amplifaya ilikuwa imeshang'olewa. Akaniita mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi wa vyombo vya makanisa kuanzia hapa mpaka Zombe. Na hilo ndilo lililoniponza. Huku kwetu chombo cha sauti hupimwa kwa swali moja tu: mkutano wa injili ukifanyika hapa, watu wa ng'ambo ya kilima watasikia? Maisha yangu yote nimewafungia vyombo watu wa ng'ambo ya kilima. Sijawahi kuwafungia watu walioketi hatua mbili kutoka kwa spika.

Basi nikaenda Kitui mjini, nikatafuta amplifaya yenye namba kubwa kuliko zote kwenye boksi. Muuzaji akaniuliza spika zangu zinabeba wati ngapi. Nikamwambia, "Wewe leta hiyo kubwa." Niliona aibu kusema kwamba sikuwa hata nimezigeuza spika kusoma kibandiko cha nyuma. Debe tupu lilikuwa mimi siku ile.

Jumanne tukaenda kuijaribu, mimi na Mutuku peke yetu. Bwawa limejaa, na miti iliyomezwa na maji imebaki vichwa tu. Sijui kuogelea. Niliketi katikati ya boti nikashika ubao kwa mikono yote miwili. Mutuku akafungulia muziki, na nakiri nilifurahi kwa dakika chache, maana ulivuma mpaka nikausikia kifuani. Kisha nikaona kichwa cha mti mbele yetu.

"Shemeji, mti! Mti!"

Akageuka, akatabasamu, akaniinulia kidole gumba. Alidhani nausifu muziki. Ubavu wa boti ukaukwaruza ule mti, tukapita.

Nilidhani baya ndilo hilo, kumbe bado. Tulipofika katikati ya bwawa, Mutuku alizima injini ili tusikie muziki vizuri. Tukasikiliza karibu nusu saa, yeye akichezesha mabega. Sauti ikaanza kukatika, ikarudi, ikanyamaza kabisa. Akageuza ufunguo awashe injini. Ikalia tik, basi. Betri ni moja tu, ndiyo ya muziki na ndiyo ya kuwasha injini, na amplifaya yangu ilikuwa imeinywa yote.

Upepo ukaanza kutusukuma upande wa matete, ambako viboko hushinda mchana. Nilimwona mmoja akitoa pua, akapumua kwa nguvu, akazama tena. Sikujua amezamia upande gani. Kasia lilikuwa moja. Mutuku alilipiga hilo, mimi nikapiga maji kwa kipande cha ubao mpaka mabega yakafa ganzi, na muda wote huo yeye anacheka. Kicheko chake kiliniudhi kuliko kiboko.

Tulipofika ukingoni akaniuliza shida ilikuwa nini.

Hapa ndipo panaponiuma. Nilijua shida ilikuwa nini. Nikamjibu, "Betri yako imezeeka, shemeji. Nunua mpya."

Akanunua jana. Akampigia mwenyekiti wa akina mama kumwambia mambo ni sawa, fundi amethibitisha.

Na jana hiyohiyo mimi nilikuwa hapa dukani na picha za vile vibandiko, nilizopiga nilipokuwa nafunga, nikifanya hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo. Kila spika inabeba wati hamsini. Kilichohitajika ni amplifaya ndogo ya kutoa hizo hamsini kwa kila spika, inatosha kabisa kwa watu walioketi pamoja, na iwe na betri yake, mbali na ya injini. Hii niliyofunga inaweza kuzichoma spika, na hilo si neno, spika ni spika. Lakini itaimaliza hata hiyo betri mpya, itachelewa kidogo tu. Na ikivuma vile, mtu akiteleza nyuma ya boti akaanguka, Mutuku hatasikia akiitwa. Tangu jana namwona mama majini, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka.

Kwa nini sijasema? Kwa sababu mimi ni mwoga, tena mwoga mwenye maringo. Wanaume wa soko hili walichukua miaka kuniletea redio zao. Walikuwa wanapita hapa mlangoni wakiuliza fundi yuko wapi, na mimi, mwanamke, nimeketi nimeshika bisibisi. Nikikosea kitu kikubwa hivi, watasema walijua tangu zamani. Mficha uchi hazai, nimewaambia wengine mara nyingi. Kumbe kuwaambia wengine ni rahisi.

Asubuhi hii nilimpigia mama. Nilitaka kumzuia bila kujitaja. Nikamwambia mvua ni nyingi mwaka huu, bwawa limechafuka, heri abaki nyumbani. Akanicheka.

"Si ni wewe umefunga hiyo mashine? Sasa mimi nitaogopa nini?"

Kisha akaanza kunieleza habari za sare zao, kwamba vitenge vimeshonwa na chake kinambana kidogo kwapani. Nikasikiliza mpaka mwisho. Baada ya simu kukatika nililia, nikiwa nimewapa mgongo watu wa barabarani, kama wangekuwepo.

Nimempigia Mutuku sasa hivi, kabla ujasiri haujaniisha. Nimemwambia yote. Kwamba betri yake ya zamani haikuwa na kosa lolote. Kwamba amplifaya ni kubwa mno, niliichagua kwa kiburi, na pale ukingoni nilimdanganya. 

"Shemeji," akasema, "siku ile nilikuwa nacheka juu ya uoga. Mimi sijui kuogelea. Kuja utoe hiyo kitu."

Dereva wa boti hajui kuogelea.

Siku hizi zote nimekuwa nikiogopa huku nikidhani kwamba kwenye boti ile kuna angalau mtu mmoja asiyeogopa.

Kesho asubuhi napitia Kitui kununua amplifaya ndogo, kisha niende moja kwa moja bwawani kuitoa ile kubwa. Betri yake ya zamani ataichaji, iwe ya muziki peke yake. Lakini kabla sijafungua hata skrubu moja, nitamwambia Mutuku anionyeshe jaketi za kuelea, nizihesabu kwa mkono wangu. Zisipomtosha kila mtu, akina mama wataimba wakiwa nchi kavu, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao kuwaambia kwa nini.